Kwenda Amu: basi, matatu au ndege? Kwa mgeni wa nchi na kwa mwenyeji wake

Swali huja karibu kila wiki, mara kwa simu, mara kwa ujumbe: "Niko Mombasa na mgeni kutoka nje, anataka kuja Amu. Tumpandishe basi, achukue matatu mpaka Malindi kwanza, au tumkatie ndege?" Mimi naishi Malindi, kwetu ni Amu, yaani Lamu, na njia hiyo nimeipita tangu siku za vumbi mpaka hizi za lami. Sijawahi kumjibu mtu kwa neno moja, kwa sababu njia yenyewe si moja.

Kutoka Mombasa mpaka gati la Mokowe, ambapo barabara huishia na boti za Amu huanzia, ni kama kilomita 340. Kwenye ramani ni mstari mmoja unaofuata pwani, lakini kwa anayeipita ni njia tatu. Ya kwanza ni Mombasa mpaka Malindi, kama kilomita 120, watu na magari mwanzo mpaka mwisho. Ya pili ni Malindi mpaka Garsen, kama 110, vijiji vinapungua na pori linaongezeka. Ya tatu ni Garsen mpaka Mokowe, nayo kama 110, na hiyo ni njia ya ulinzi: askari, vizuizi, vitambulisho mkononi. Kinachofaa njia ya kwanza si lazima kifae ya tatu. Ndiyo maana nalinganisha kipande kwa kipande, na ndiyo maana nawasihi wenyeji wasimwambie mgeni "panda basi tu, utafika". Atafika, ndiyo. Lakini yako mambo ishirini ambayo mwenyeji hayaoni tena kwa mazoea, na mgeni hajaambiwa hata moja.

Na nikisema mgeni sikusudii Mzungu peke yake. Wapo wanaotoka Tanga, Kampala, Moroni na Bukavu. Lugha wanaijua, mabasi wamepanda maisha yao yote, lakini nchi si yao, na penye kizuizi karatasi zao ndizo husomwa mara mbili.

Mombasa mpaka Malindi: hapa matatu inalishinda basi

Matatu za Malindi ni zile za abiria 14. Hazina saa ya kuondoka. Ikijaa inaondoka, na njia hii hujaa upesi. Muda wa saa mbili, au mbili na nusu Mtwapa pakisongamana, umefika. Basi kubwa lina saa yake, lakini hubeba na mizigo ya watu wa njiani. Husimama kushusha magunia, husimama kupakia magodoro, na matatu ikiwa imeshafika Gede, lenyewe bado liko Kilifi.

Kwa mgeni asiye na haraka, faida kubwa ya matatu ni kushuka. Anayetaka kuyaona magofu ya Gede au kulala Watamu anateremka Gede, anachukua tuktuk, na kesho yake anasimamisha matatu nyingine barabarani. Basi la Lamu halimpi nafasi hiyo. Tiketi yake ni ya siku moja na kiti kimoja, na ukishuka Gede kiti kimekwenda.

Ubaya wa matatu ni mizigo na miguu. Nyuma hamna buti ya maana. Begi la mgongoni linakaa mapajani, lakini sanduku kubwa la magurudumu halina pa kukaa, na makanga atalibana mlangoni ambapo kila anayeshuka atalipiga teke. Mgeni mwenye sanduku kama hilo alilipie kiti chake, awe na amani. Na mtu mrefu asikubali kiti cha nyuma kabisa. Nilisafiri na Mholanzi mmoja aliyekaa huko kwa sababu ndicho kilichobaki, magoti yakamfika kifuani, na tulipofika Kilifi hakuweza kunyoosha miguu mpaka abiria wawili wampishe. Angesubiri dakika kumi angepata matatu tupu na kiti cha mbele.

Kilifi penyewe nampenda mgeni apaone. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991; kabla ya hapo tulivuka kwa feri, na foleni ya feri ndiyo iliyokuwa safari yenyewe. Biashara ya korosho ya pale ingali hai. Gari likipunguza mwendo, vijana huinua pakiti mpaka dirishani, korosho na mabuyu mekundu, na muda wa kuamua ni mfupi. Mgeni awe na noti ndogo mkononi. Akitoa noti ya elfu moja gari litaondoka chenji ikiwa bado inahesabiwa.

Nauli ya matatu hubadilika: sikukuu hupanda, jioni hupanda, mvua ikinyesha hupanda. Mpiga debe akimwona mgeni naye huongeza yake. Dawa yake ni kumuuliza abiria aliyekwisha kaa, kwa adabu, kabla ya kukaa: "Dada, leo nauli ya Malindi ni ngapi?" Neno "leo" ndilo lenye kazi. Linaonyesha kwamba unajua bei hupanda na kushuka, na abiria wa Pwani akiulizwa vizuri atajibu ukweli, makanga akisikia.

Lakini kama mgeni anataka kulala Amu siku hiyo hiyo, hapo nageuza shauri: apande basi la Lamu kutoka Mombasa, moja kwa moja. Mabasi hayo huanza safari Mombasa asubuhi, na ofisi zake nyingi ziko upande wa barabara ya Abdel Nasser. Anayeanzia Mombasa anachagua kiti. Anayesubiri Malindi anapata kilichobaki.

Kisa cha kiti kilichouzwa mara mbili

Hilo la kiti nililipia funzo. Mwaka mmoja nilimkatia tiketi binamu yangu wa Tanga hapa Malindi, siku hiyo hiyo ya safari, kwenye ofisi ambayo sitaitaja. Karani aliandika namba ya kiti, akapiga muhuri. Basi lilipofika kutoka Mombasa, kiti hicho kilikuwa na mzee amekaa tangu alfajiri, tiketi yake ina namba ile ile, na haki ilikuwa yake. Binamu yangu aliambiwa akae juu ya kreti la soda katikati ya njia "mpaka Garsen, watu watashuka". Alikaa. Kwenye kizuizi cha polisi akaambiwa ainame asionekane, kwa sababu sheria ya Kenya tangu 2004, zile kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, hairuhusu gari la abiria kubeba mtu asiye na kiti na mkanda. Mama wa miaka hamsini na mbili, ameinama nyuma ya viti vya watu katika nchi si yake. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Tangu hapo mgeni wangu akipandia Malindi, tiketi inakatwa siku moja kabla, na karani naombwa apige simu Mombasa mbele yangu kuthibitisha kwamba kiti kimefungwa. Wengine hununa. Nawaambia, "Ami, huyu ni mgeni wangu, nisaidie," na simu hupigwa.

Kiti chenyewe kiwe upande gani? Ukienda Lamu asubuhi unaelekea kaskazini, kwa hiyo jua lote liko kulia, upande wa dereva. Kaa kushoto. Nimeona watu wakilipigania dirisha la kulia kwa kudhani wataiona bahari. Bahari haionekani ila mara chache, na pazia linafungwa muda wote kwa ajili ya jua. Safu ya tatu mpaka ya sita ndiyo tulivu. Juu ya gurudumu la nyuma kila shimo litakupanda mgongoni.

Malindi mpaka Mokowe: hapa basi kubwa

Kwenye kipande hiki wageni wengi huniambia wangependa kukodi gari dogo, wasimame watakapo. Nawaelewa, na bado nasema basi. Wafanyakazi wa basi wanajulikana na askari wa njia nzima, orodha ya abiria iko ofisini, na saa ya kufika inafahamika, likichelewa watu wanaanza kuuliza. Ulinzi ukiamriwa, magari ya abiria huenda kwa msafara. Gari dogo la kukodi lina dereva mmoja, na kila kizuizi linaanza maelezo upya: mmetoka wapi, huyu ni nani, mnakwenda kufanya nini. Juu ya hayo ni ghali mara nyingi zaidi.

Njia yenyewe ni nzuri kuitazama. Ukitoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa. Kisha Mambrui, kisha Gongoni na mashamba ya chumvi, meupe mpaka yanaumiza macho. Baada ya Marereni pori linafunguka. Ng'ombe wa Waorma wanavuka barabara bila kuangalia mtu, na dereva mwenye akili anazima honi na kungoja. Garsen na Minjila ndipo njia ya Garissa inapoachana na yetu. Hapo kwa kawaida ndipo pa chai, pa wali na maharagwe, na pa embe za Mto Tana msimu wake ukifika. Ndani ya basi hamna choo, kwa hiyo hapa ndipo pa kujisaidia hata kama huhisi haja. Wageni wa Tanzania waliozoea kumwambia dereva asimame "tuchimbe dawa" wajue kwamba mbele ya hapa basi halisimami porini kwa ajili ya mtu mmoja, na sababu ni ya usalama.

Kisha kizuizi kikubwa, eneo la Gamba. Nakieleza pole pole kwa sababu ndicho kinachowatisha wageni, na hofu nyingi ni ya kutojua. Basi linazima injini. Makanga anaita, "Tushukeni, vitambulisho mkononi." Watu wanateremka taratibu kama watu wanaokwenda kisimani, wamezoea. Wanaume mstari wao, wanawake mstari wao. Mzee sana na mama mwenye mtoto aliyelala huachwa vitini. Askari anatazama kitambulisho, anatazama uso, anasema "pita". Anapofika kwa mgeni anachukua pasipoti na kuanza kufunua, ukurasa baada ya ukurasa, akiutafuta muhuri wa kuingia nchini. Jua la saa tano liko utosini, watu arobaini wako nyuma, na mgeni anaanza kutetemeka mikono bila kosa lolote.

Basi fanya hivi: kabla hujatoka nyumbani chomeka kipande cha karatasi kwenye ukurasa wenye muhuri, kichungulie nje. Mpe askari pasipoti ikiwa imefunguka hapo hapo, msalimie, nyamaza. Inachukua nusu dakika. Pasipoti ikae mwilini. Ikiwa kwenye begi lililo chini ya basi, basi zima litakungoja buti lifunguliwe. Na simu ikae mfukoni. Usipige picha kizuizi, askari, wala daraja lenye ulinzi, hata kwa siri, hata kupitia dirishani.

Karatasi hazifanani kwa wote. Mganda na Mnyarwanda huweza kuingia Kenya kwa kitambulisho chao cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na ahakikishe imegongwa muhuri Lunga Lunga. Wapo wanaovuka mpaka usiku ndani ya basi wakiwa na usingizi, wakafika Mombasa bila muhuri wasijue, na kosa hilo huonekana Gamba. Anayetoka Ulaya au Marekani abebe pia nakala ya kibali chake cha mtandaoni, utaratibu ulioanza Januari 2024.

Baada ya Gamba ni Witu, na hapo humwambia mgeni atazame nje hata kama ni mji mdogo wenye maembe tu. Watu wa Ahmed Simba, sultani aliyefukuzwa Pate, walijenga usultani wao hapa. Mwaka 1885 Wajerumani wakauweka chini ya ulinzi wao, 1890 wakauachia Waingereza kwa mkataba, na mwaka huo huo Waingereza wakaja kuuchoma moto. Mgeni wangu mmoja wa Ujerumani alikuwa hajawahi kusikia jina hilo kwao. Tuliongea habari za Witu mpaka Mokowe.

Usalama, bila kuficha

Mwenyeji akimficha mgeni habari hizi amemkosea. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu wengi wakauawa. Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro, barabara hii hii. Ulinzi unaouona njiani una sababu. Lami ilipofika Mokowe, na bandari mpya ya Lamu ilipopokea meli zake za kwanza Mei 2021, magari yaliongezeka na doria pia, na mabasi yanakwenda na kurudi yakiwa na watu wetu, wanafunzi, wagonjwa, maharusi. Mimi napanda, na mama yangu anapanda.

Lakini mimi si mgeni, na hapa ulinganisho unabadilika. Serikali kadhaa za Magharibi huwaonya raia wao wasipite barabara ya kaskazini ya Malindi kuelekea Lamu, hali kisiwa chenyewe cha Lamu na cha Manda mara nyingi huwekwa kando ya onyo hilo. Maana yake ni ya fedha: bima nyingi za safari hazilipi chochote mtu akiumia mahali ambapo serikali yake imemwonya asiende. Akivunjika mguu kwa ajali ya kawaida tu ya barabarani, gharama ni zake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgeni wa namna hiyo ni bima yake inasemaje, na alisome onyo la nchi yake wiki hiyo, asiridhike na la mwaka jana. Likisema usipite, mimi humwambia apande ndege, na simbembelezi abadili mawazo.

Jambo la pili ni maji. Mto Tana ukifurika, barabara kati ya Garsen na Witu hukatika. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño ziliifunika, abiria wakavushwa kwa mashua kutoka basi moja kwenda jingine, mizigo kichwani. Miezi ya masika, Aprili na Mei, na vuli nzito ya Novemba, piga simu ofisi ya basi siku moja kabla uulize Gamba panapitika.

Ndege, na walio Nairobi

Ndege sina mengi ya kuisemea. Inatua Manda, unashuka, unatembea hatua chache mpaka gatini, boti inakuvusha hadi mjini. Kutoka Nairobi ni saa moja na nusu hivi angani. Ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15 tu, na begi liwe laini. Kwa bei yake mtu wa basi huenda na kurudi, na abakiwe na ya kula. Namshauri ndege mgonjwa, mama mwenye mimba kubwa, mwenye siku tatu tu, na yule wa bima niliyemtaja.

Aliye Nairobi ana maswali yake. Yapo mabasi ya usiku yanayokuja Pwani, na wapo wanaounganisha moja kwa moja mpaka Mokowe, usiku mzima na nusu ya siku ya pili juu ya kiti kimoja. Simshauri mgeni. Barabara ya Mombasa usiku ni malori mbele na malori nyuma, na madereva wanashindana na usingizi. Treni ya SGR, iliyoanza 2017, ni bora kwa kila kipimo ila kimoja: stesheni iko Miritini, mbali na mjini. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la pili ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500, na tiketi hukatwa kwa namba ya pasipoti. Treni ya asubuhi inafika Mombasa mchana, basi la Lamu limeshaondoka zamani. Basi achukue matatu alale Malindi, au alale Mombasa. Ile ya saa nne usiku hufika kabla ya alfajiri, na mwenye nguvu anaweza kuunganisha na basi la asubuhi. Mimi nimefanya hivyo mara moja na sikumbuki kitu chochote kati ya Kilifi na Garsen, nililala mdomo wazi.

Hilo la saa

Mgeni anayejifunza Kiswahili huponzwa na saa kuliko kitu kingine chochote. Mama mmoja kutoka Ubelgiji aliweka nafasi kwa simu, karani akamwambia, "Njoo saa moja." Kwa hesabu ya kwao saa moja ni ile ya mchana baada ya adhuhuri. Alifika na begi lake saa saba mchana, ameoga, amekula, ofisi imefungwa, basi liko Garsen. Hakuna aliyemdanganya. Kwa hiyo mwenyeji andika kwenye karatasi kwa namna zote mbili, "saa moja asubuhi, 7:00", umpe mkononi, na mwambie awe pale nusu saa kabla.

Wiki ya Maulidi ya Amu, watu wanapokuja Msikiti wa Riyadha kutoka pwani yote mpaka Visiwa vya Ngazija, viti huisha siku nyingi kabla. Hapo hata mimi mwenyeji nakata mapema. Mwezi wa Ramadhani mikahawa ya njiani hufungwa mchana, kwa hiyo asiyefunga abebe chakula chake na ale kwa staha. Na ndani ya basi la Lamu, mwanamke mgeni akijitanda leso mabegani atakuta wamama wenzake wanamkaribisha pembeni yao kabla hajaomba.

Mokowe

Basi likisimama Mokowe usishuke na kundi la kwanza. Mahamali wanakuja mbio, kila mmoja anashika begi, na mgeni anadhani anaibiwa. Haibiwi, wanagombea kazi. Kaa kitini, subiri wapungue, kisha shuka na mkono wako juu ya begi lako na umchague mmoja, mkubaliane bei kabla hajalibeba.

Boti ni za namna mbili. Ile ya abiria wengi inangoja ijae, inakwenda polepole nusu saa au zaidi, na nauli yake ni ndogo. Ya spidi ni ghali kidogo, inafika upesi na inarusha maji. Kwa mara ya kwanza napenda mgeni apande ile ya polepole, ili auone mji wa Amu unavyojitokeza, kwanza mikoko, kisha minara, kisha punda ufukoni. Avae jaketi la kuelea, hata wenyeji wakikaa bila. Na atazame maji kabla ya kushuka ngazi. Yakiwa yamejaa, boti iko sawa na gati na anaingia kama anaingia nyumbani. Yakiwa yamepwa, ngazi za chini zina utando wa mwani na zinateleza vibaya. Hapo avue viatu, ashike mkono wa nahodha, mzigo upite kwanza.

Kurudi ni asubuhi mapema. Tiketi inakatwa Amu mjini siku moja kabla, kwenye ofisi za mabasi, na ukikata uulize boti ya kuwahi basi inaondoka saa ngapi, kwa sababu basi la Mokowe halimngoji aliye ng'ambo ya maji. Boti hiyo huondoka kukiwa na giza bado, watu wametoka swala ya alfajiri. Jua safari hii litakuwa kushoto, kwa hiyo omba kiti cha kulia.